Raha ndogo na harakati za mjini: jinsi ya kuandaa mkusanyo wako wa kila wiki

Kila anayetaka kuanza mkusanyo wa wiki wa mambo ya mjini kwao huniuliza maswali yaleyale. Nitapata wapi mambo ya kutosha kila wiki? Niandike mangapi? Habari ya benchi lenye kivuli itakaaje ukurasa mmoja na habari ya mfereji ulioziba? Na nifanyeje nisichoke kabla ya toleo la tano? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nimechoka mimi mwenyewe, kwa hiyo leo nayaandika kwa mpangilio. Ukianza Jumatatu, toleo lako la kwanza linaweza kutoka wiki hiyohiyo.

Ninachokiita mkusanyo ni ukurasa mmoja tu. Unaweza kuubandika kwenye ubao wa matangazo, kuwatumia majirani kwa simu, au kuusoma kwa sauti kwenye kikao cha wakazi. Ndani yake mna mambo machache ambayo mtu anaweza kuyafurahia wiki hii, na mawili ambayo wakazi wanayapigania na yanahitaji mkono wa ziada. Usiugeuze gazeti wala orodha ya matamasha, maana hizo zina watu wake.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya yote, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Raha na harakati ni za familia moja. Aliyekaa chini ya mti fulani Jumamosi ndiye atakayeshtuka akisikia unakatwa Jumatatu. Asiyewahi kukaa pale utamweleza mpaka koo likauke. Mwaka 2005, huko San Francisco, kikundi cha wabunifu kilichoitwa Rebar kililipia nafasi moja ya kuegesha gari, kikatandaza nyasi, kikaweka benchi na mti, watu wakakaa mpaka muda uliolipiwa ukaisha. Sasa niambie, hapo raha iliishia wapi na harakati ikaanzia wapi? Mambo ya namna hiyo ndiyo tunayoyatafuta, hata kama mengi yatakuwa madogo zaidi ya hilo.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Daftari linaloingia mfukoni, na kalamu. Simu nayo inafaa, ila mimi nikiitoa tu najikuta najibu ujumbe wa mtu na barabara imepita bila kuonekana.
- Viatu ambavyo miguu yako haivilalamikii.
- Watu watano wa kuwauliza, ambao maisha yao hayafanani na yako. Mfagiaji wa barabara, mlinzi wa usiku, mkutubi, dereva wa abiria, mama anayesukuma kigari cha mtoto, mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Ukichagua marafiki zako watano, utapata mkusanyo wa mambo unayoyajua tayari.
- Tarehe za vikao vya wazi vya halmashauri ya mji wako, na tarehe za mwisho za kupokea maoni ya wananchi. Mara nyingi hubandikwa mahali ambapo hakuna anayetazama. Wewe utazame.
- Siku moja ya kutoa, isiyobadilika. Alhamisi ni nzuri: msomaji bado ana nafasi ya kupanga mwisho wa wiki, na wewe bado una siku ya kurekebisha kosa.
- Saa 4 kwa wiki. Mbili za kutembea, nusu ya kuuliza, moja ya kuandika, nusu ya kuhakiki. Toleo la kwanza na la pili yatakula zaidi ya hapo. Usishtuke.

Pesa hazimo kwenye orodha kwa makusudi. Mkusanyo unaohitaji bajeti hufa siku bajeti inapoisha.

Hatua kwa hatua

1. Weka mpaka. Chora eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kwa saa moja. Anayeanza na mji mzima huishia kunakili matangazo ya watu wengine, kwa sababu hawezi kufika kote. Mpaka wangu wa kwanza ulikuwa mitaa 6. Nilidhani ni michache mno, na hadi leo kuna vichochoro humo sijavimaliza.

2. Tembea mara mbili, kwa saa tofauti. Mara ya kwanza asubuhi ya siku ya kazi, mara ya pili jioni au mwisho wa wiki. Pita njia ileile. Mahali pamoja huwa ni mahali pawili kulingana na saa: uwanja ulio mtupu saa 4 asubuhi unaweza kuwa na watoto 30 saa 11 jioni.

Usitafute tukio. Tazama watu wamesimama wapi, wamekalia nini, wanakwepa nini. William H. Whyte, mtafiti wa Marekani, aliweka kamera kwenye viwanja vya wazi vya New York miaka ya 1970 ili ajue kwa nini vingine hujaa na vingine hubaki vitupu. Jibu lake moja kubwa lilikuwa jepesi mpaka linachekesha: watu hukaa palipo na pa kukaa. Aliona pia kwamba mtu akikuta kiti kinachohamishika, hukisogeza kidogo kabla hajakaa, hata kama mahali kilipokuwa hapana kasoro. Ukianza kuona mambo ya ukubwa huo, tatizo la "sina cha kuandika" litapungua kwa nusu.

Mfano. Wazee wanne wamekaa juu ya ukuta mfupi, wanabishana kuhusu mpira, wanacheka. Hiyo ni raha, iandike. Sasa sogea uwasalimie, uulize kwa nini ukutani. Wakikujibu kwamba benchi liliondolewa kwa matengenezo na halikurudi, umepata na harakati, na hukutembea hata hatua kumi zaidi.

Andika palepale: mahali, siku, saa, watu wangapi, wanafanya nini. Ukisema utakumbuka, hutakumbuka. Mambo mengine yanayofaa daftari: kwaya inayofanya mazoezi dirisha likiwa wazi, njia ya mkato yenye kivuli mwendo wote, mti uliochanua wiki hii, daraja la waenda kwa miguu ambalo jua linazama mbele yake sawasawa, maktaba iliyoongeza saa za kufungua.

3. Waulize watu wako watano, lakini usiulize "kuna nini?" Jibu la swali hilo ni "hakuna", na anayekujibu hakudanganyi. Mambo unayoyataka yeye anayaona ya kawaida. Uliza hivi: "Unapopita kila siku, ni kitu gani kimebadilika?" Au: "Wiki hii ni nini kilikufanya upunguze mwendo?"

Mlinzi mmoja wa usiku alinijibu swali la pili kwamba taa tatu za barabarani zimezimika wiki ya pili sasa, watu wanaogopa kupita, na kwamba tangu zizimike yeye anaona nyota ambazo hakuwahi kuziona akiwa kazini. Niliandika yote mawili katika aya moja. Hakuna aya yangu iliyojibiwa na wasomaji wengi kama hiyo, na wengi waliojibu walitaja nyota kwanza, kisha wakauliza waandike wapi kuhusu taa.

4. Chagua mambo 7. Raha 4, harakati 2, na taarifa 1 kuhusu jambo uliloliandika zamani. Ukizidisha, msomaji atasoma matatu ya juu na kuacha mengine. Ukipunguza sana, wiki moja mbaya itakuacha na ukurasa mtupu. Kila jambo lipite maswali haya: msomaji anaweza kulifikia wiki hii? Gharama yake itawafungia watu nje? Nimeliona mwenyewe, au nimelisikia kwa aliyeliona? Likikwama kwenye swali la tatu, liache hata kama linakuwasha mkono.

Penda mambo yanayojirudia. Wanaoanza huyadharau, wakidhani kila wiki lazima pawe na kipya, kumbe yanayojirudia ndiyo yanayomjengea msomaji mazoea. Tarehe 2 Oktoba 2004, watu 13 walikimbia kilomita 5 katika Bushy Park, London, bila kiingilio. Mchezo huo wa Jumamosi asubuhi sasa unaitwa parkrun na umeenea nchi nyingi. Mwaka 2009, huko Amsterdam, Martine Postma aliandaa Repair Café ya kwanza, ambako watu walileta vitu vilivyoharibika na kuvitengeneza pamoja na waliojua kazi hiyo. Bogotá imekuwa ikifunga barabara zake kubwa kwa magari siku za Jumapili tangu miaka ya 1970, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, na leo ni zaidi ya kilomita 100 zinazoachiwa baiskeli na miguu.

Nataja hayo kwa sababu moja. Siku wale wakimbiaji wa London walipokuwa 13, hakuna gazeti ambalo lingepoteza nafasi kwa ajili yao. Mkusanyo kama wako ungewaweka namba moja. Tafuta watu 13 wa kwenu.

5. Hakiki. Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo mkusanyo hupoteza heshima. Hakiki mahali, tarehe, saa na ruhusa.

*Mahali.* Nenda, au mpigie aliyepo. Mwanzoni kabisa niliwahi kuwaelekeza watu kwenye bustani moja nikitegemea tangazo la mwaka uliotangulia. Walikuta lango limefungwa kwa kufuli na mlinzi asiyetaka maelezo. Miongoni mwao alikuwamo bibi aliyepanda magari mawili kufika pale. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini toleo lililofuata hakulisoma, na sikuwa na la kumlaumu.

*Tarehe.* "Jumamosi ijayo" ni mtego. Kwa mmoja ni keshokutwa, kwa mwingine ni wiki ya pili. Andika jina la siku pamoja na tarehe yake, kila mara.

*Saa.* Sisi tunasema saa 10 jioni wakati simu inaonyesha 16:00. Ukiandika "saa 10:00" bila neno lingine, nusu ya watu watafika wakati si wao. Andika "saa 10 jioni", na kama wasomaji wako wamechanganyika, ongeza "(16:00 kwenye simu)". Inaonekana kama kuwadharau wasomaji. Ukishakosa mara moja hutaiona hivyo.

*Ruhusa.* Usimtaje mtu kwa jina bila kumwuliza. Usipige picha za watoto na kuzisambaza. Jambo gumu zaidi ni mahali ambapo usalama wake uko katika kutojulikana: watu wanaolala chini ya daraja fulani, kona wanayokutania wasichana kwa sababu hakuna wa kuwasumbua, kiota cha ndege adimu. Hapo swali la kujiuliza ni nani atakayeumia pakijulikana. Nikisita, siandiki.

6. Andika raha. Sentensi tatu hadi tano kwa kila moja. Anza na kitu chenyewe, sifa ziache. Linganisha:

> Bustani nzuri sana yenye mandhari ya kuvutia, usikose!

Na hii:

> Upande wa mashariki wa bustani kuu, nyuma ya bomba la maji, kuna benchi la mawe. Kuanzia saa 10 jioni kivuli cha mti mkubwa hulifunika lote. Jumanne na Alhamisi kikundi cha ngoma hufanya mazoezi ng'ambo ya uzio, kwa hiyo muziki ni wa bure. Lango kuu lina ngazi 4. Asiyepanda ngazi apitie lango la kaskazini.

Ya pili haikusema "nzuri" hata mara moja. Iliyobaki ni kazi ya msomaji, na anaipenda kazi hiyo. Sentensi ya mwisho, ile ya ngazi, ni ya lazima katika kila raha utakayoiandika. Taja ngazi, choo, kivuli, mwanga usiku, usafiri wa kurudi, angalau moja kati ya hizo inayobadilisha uamuzi wa mtu.

7. Andika harakati. Hatua hii ndiyo inayotenganisha mkusanyo wenye manufaa na manung'uniko ya kibarazani. Kila harakati lazima iwe na mlango, yaani mahali ambapo msomaji ataingilia. Mlango una vitu vitano:

- Kinachotakiwa, kwa sentensi moja.
- Aliye na uwezo wa kuamua.
- Tarehe ya mwisho, au ya kikao.
- Kitu ambacho msomaji anaweza kufanya ndani ya dakika 10.
- Wanaoongoza, na namna ya kuwapata.

Kikikosekana kimoja, jambo hilo halijaiva. Lirudishe daftarini.

Kinachotakiwa kiwe chembamba. "Tunataka mji safi" hakuna atakayelipinga na hakuna atakayelifanyia kazi. "Tunataka mfereji wa nyuma ya shule uzibuliwe kabla mvua hazijaanza" lina mahali, lina kazi, lina muda, na siku likitimia kila mtu ataona. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, hakuanza na hotuba kuhusu mazingira ya dunia. Aliandika barua, moja baada ya nyingine, kwa ofisi zilizohusika, kuhusu bustani moja ambayo watu walikuwa wakipumzika mwisho wa wiki. Alitukanwa hadharani, mpaka bungeni. Mradi uliachwa na bustani ikabaki. Angalia kilichokuwa mkononi mwake: mahali panapojulikana, raha inayojulikana, na anwani za wanaoamua.

Hilo la anayeamua lina kosa lake la kawaida. Katika nchi nyingi barabara kuu ziko chini ya mamlaka moja na vichochoro chini ya nyingine. Taa zinaweza kuwa za shirika la umeme au za halmashauri. Bustani inaweza kuwa ardhi ya umma inayosimamiwa na mtu binafsi. Ukiwatuma watu 40 kwenye ofisi isiyohusika, watarudi na jibu la "si kwetu", na wiki ijayo hawatatoka. Piga simu moja kabla: "Kivuko hiki kiko chini ya nani?" Simu hiyo ni ya dakika tano.

Kuhusu pesa nina msimamo mkali: mkusanyo hauchangishi. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliweka namba ya kuchangia niliyopewa na mtu aliyejieleza vizuri mno. Kikundi alichokitaja hakikuwapo. Waliotuma walikuwa wachache na fedha zilikuwa kidogo, lakini nilikwenda kwa kila mmoja kumweleza, na njia ile ya kwenda mlango kwa mlango ndiyo iliyonifundisha. Omba muda, sahihi, barua, jozi ya mikono yenye glavu. Anayetaka kutoa pesa atakutana na wahusika uso kwa uso.

Mfano wa harakati iliyoiva:

> Wakazi wa karibu na shule wanataka kivuko cha pundamilia mbele ya lango. Barabara hiyo iko chini ya halmashauri, na maoni yanapokelewa hadi Ijumaa tarehe 14. Unachoweza kufanya: simama pale dakika 10 saa 1 asubuhi, hesabu watoto wanaovuka, andika hesabu yako na sahihi kwenye daftari lililo kwa mlinzi wa shule. Kamati ya wazazi itayapeleka yote pamoja. Madereva wa abiria wanasema kivuko kitaongeza foleni. Kamati inakutana nao Jumatano tarehe 12.

Sentensi mbili za mwisho zinabeba upande wa pili. Ziweke kila mara upande huo unapokuwapo, bila kuukejeli. Na kama wewe mwenyewe umo kwenye kamati, sema "nami ni mwanakamati". Likija kugundulika bila wewe kusema, hata habari zako za benchi zitatiliwa shaka.

8. Panga. Raha, raha, harakati, raha, harakati, raha, taarifa. Usifungue na harakati. Msomaji ataona anagombezwa kabla hajakaa.

9. Soma kwa sauti, punguza, toa. Sentensi iliyokukata pumzi itagawanywa mara mbili. Neno la kiofisi lililoingia kutoka kwenye tangazo (mathalani "wadau wote mnakaribishwa") litoke. Kisha toa siku ileile, hata kama unaona bado.

10. Rejea. Nyuma ya daftari weka ukurasa wa harakati zote ulizoziandika, na mbele ya kila moja tarehe ya kuulizia, wiki 4 baadaye. Tarehe ikifika, nenda ukaone. Kivuko kimechorwa? Andika. Hakikuchorwa? Andika hivyohivyo, pamoja na sababu waliyoitoa. Hii ndiyo taarifa ya saba. Wanaoanza huiona ni ya kujazia nafasi, lakini kwa maoni yangu ukiondoa sita zote ukabakiza hiyo, bado una kitu. Mtu aliyesimama dakika 10 kuhesabu watoto ana haki ya kujua hesabu yake iliishia wapi.

Makosa mengine ya kuepuka

Usiweke biashara kwa kubadilishana na fadhila, hata ndogo. Siku ya kwanza utapewa kitu bure kwa moyo mweupe, siku ya tatu utaletewa maandishi tayari ya kubandika. Usibandike moja kwa moja tangazo la mtu mwingine bila kulihakiki kwa hatua ya 5. Usiandike raha ambazo ni za kundi lako tu: mkusanyo wa kijana mwenye baiskeli umejaa njia za baiskeli, na wa mwenye watoto umejaa bembea. Mwisho wa kila mwezi pitia matoleo manne na uhesabu ni mambo mangapi yangemfaa mzee asiyetoka baada ya giza. Mara yangu ya kwanza kuhesabu nilipata mawili kati ya 28.

Ukikwama

*Wiki hii sina cha kuandika.* Mara nyingi maana yake hukutembea. Kama ulitembea kweli, badili upande wa barabara, au pita njia hiyo kinyume. Ikishindikana, toa mambo 4 badala ya 7. Usijaze.

*Kumetokea msiba au maafa mjini, raha zinaonekana kama dhihaka.* Wiki hiyo acha raha kabisa. Andika mahali pa kupeleka msaada palipothibitishwa na mamlaka husika, njia zilizofungwa, mahali watu wanapokutana kulia pamoja. Ukirudi wiki inayofuata, anza na raha moja tulivu, bila kujieleza.

*Mahali nilipopasifia sasa panajaa na wenyeji wamekasirika.* Nenda ukawasikilize kabla ya kuandika chochote. Huenda wanataka upunguze kutaja saa fulani, au wanataka pipa la taka na hawana wa kuwasaidia kulidai. Mimi niliwahi kuambiwa tu, "Usituandike tena." Nimetii mpaka leo.

*Jambo limeahirishwa baada ya toleo kutoka.* Tuma masahihisho siku hiyohiyo kwa njia ileile uliyotumia, sentensi mbili. Kama toleo lilibandikwa ubaoni, nenda ukaandike kwa kalamu juu yake. Masahihisho ya mkono hayana aibu.

*Watu wanasoma raha, harakati wanaziruka.* Angalia kama kuna uzi unaoziunganisha. Raha ya benchi na harakati ya bomba la maji lililo hatua 20 kutoka hapo zikikaa jirani ukurasani, aliyekwenda kukaa ataliona bomba. Angalia pia ile dakika 10: labda umewaomba jambo la saa mbili.

*Ofisi fulani imelalamika kwamba nimeichafua.* Uliza ni sentensi ipi, kwa maandishi. Ukikuta umekosea, sahihisha wazi. Ukikuta hukukosea, chapisha jibu lao kwa ufupi pamoja na ulichokiona. Daftari lenye tarehe na saa ndilo litakalokusaidia hapa, kwa hiyo usitupe madaftari ya zamani.

*Nimechoka.* Kabla hujaacha, gawa. Mtu mmoja atembee, mwingine ahakiki, mwingine aandike, mbadilishane kila mwezi. Au tangaza mapumziko ya wiki 3 yenye tarehe ya kurudi, kisha urudi tarehe hiyo. Katika mapumziko pita njia yako kama kawaida, bila daftari. Ukifika nyumbani ukajikuta unatafuta kalamu kabla ya kuvua viatu, toleo lijalo limeshaanza.